Tabaka jembamba kwenye picha ya mitetemo: namna ya kukokotoa upambanuzi wima na kuulinda

Katika mabonde ya Ufa, kama Lokichar kule Turkana na bonde la Ziwa Albert upande wa Uganda, mchanga unaobeba mafuta umepishana na tope la maziwa ya kale. Mchanga mmoja unaweza kuwa na unene wa mita 40, na ulio chini yake mita 8. Picha ya mitetemo, inayotengenezwa kwa kutuma mawimbi ya sauti ardhini na kurekodi miangwi yake, haiioni yote sawasawa. Tabaka likiwa nene, paa lake na sakafu yake hutoa miangwi miwili, na kila mmoja unasomeka peke yake. Likiwa jembamba, miangwi hiyo hulaliana ikawa mmoja, na anayepima unene kwenye skrini huwa anapima umbo la wimbi lake mwenyewe huku akidhani anapima mwamba. Mpaka kati ya hali hizo mbili ndio upambanuzi wima. Mpaka huo hukokotolewa kabla gari au meli haijaenda kazini.

Tutatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: mchanga wa mita 12 ulio kwenye kina cha mita 2,000. Mwangwi wake unarudi baada ya sekunde 1.6, na kasi ya sauti ndani ya mchanga wenyewe ni mita 3,000 kwa sekunde. Namba hizi ni za zoezi. Weka za eneo lako.

Hesabu ya kwanza

Gawanya kasi kwa frikwensi upate urefu wa wimbi, kisha chukua robo yake. Robo hiyo ndiyo unene wa kikomo: chini yake paa na sakafu havitengani tena. Kwa frikwensi kuu ya Hz 40 na kasi ya 3,000, wimbi lina urefu wa mita 75 na robo yake ni mita 18.75. Mchanga wetu wa mita 12 hautenganishwi. Ili robo ishuke hadi mita 12, wimbi liwe na mita 48, yaani frikwensi kuu ya Hz 62.5.

Hesabu ni nyepesi, lakini watu hukosea mahali pawili. Kwanza ni kasi. Inayotakiwa ni kasi ya ndani ya tabaka lenyewe, siyo kasi ya wastani kutoka juu hadi hapo. Katika mfano wetu wastani ni mita 2,500 kwa sekunde (mita 4,000 za kwenda na kurudi kwa sekunde 1.6). Ukiitumia hiyo utapata robo ya mita 15.6 na kujipa matumaini yasiyokuwepo. Chukua kasi kwenye rekodi ya sauti ya kisima jirani, ndani ya mchanga huohuo au unaofanana nao.

Pili ni frikwensi. Usiisome sehemu ya juu ya picha, ambako mawimbi bado ni makali. Fungua dirisha la nusu sekunde hadi sekunde moja linalozunguka shabaha, utoe spektra (mgawanyo wa nguvu kwa kila frikwensi) humo. Kama huna programu karibu, pima kwa rula kutoka kilele hadi kilele cha miangwi ya shabaha: milisekunde 25 ni Hz 40. Kina hubadilisha mambo sana. Kwenye mita 400, kasi 2,000 na Hz 60, robo ni mita 8 na kidogo. Kwenye mita 4,000, kasi 4,500 na Hz 20, robo ni mita 56. Kasi hupanda ukishuka na frikwensi hupungua, na yote mawili yanaivuta robo upande mmoja.

Kwa kazi ya kupanga, kipimo bora kuliko frikwensi kuu ni frikwensi ya juu kabisa ambayo bado ina ishara juu ya kelele. Watafiti Kallweit na Wood mwaka 1982 walionyesha kwamba kwa wimbi la fazi sifuri (lenye kilele katikati na pande mbili zinazolingana) lenye upana wa oktavu mbili au zaidi (kila oktavu ni frikwensi kuongezeka mara mbili), muda wa kikomo ni karibu 1 ÷ (1.4 × frikwensi ya juu). Mchanga wa mita 12 una muda wa kwenda na kurudi wa milisekunde 8. Kwa hiyo tunahitaji ishara hai hadi Hz 89, tuseme 90, kwenye sekunde 1.6. Namba hiyo ya 90 ndiyo itakayoongoza kila uamuzi unaofuata.

Je, ardhi itaipitisha? Ukubwa wa wimbi hupungua kwa kanuni e^(−π f t ÷ Q), ambapo Q ni kipimo cha jinsi mwamba unavyohifadhi nguvu. Kwa Q ya 80 na sekunde 1.6, Hz 30 inapoteza desibeli 16 na Hz 90 inapoteza 49. Tofauti ni desibeli 33. Kama kelele ya eneo lako iko desibeli 25 tu chini ya ishara ya Hz 30, basi Hz 90 imeshazama, na hakuna hatua ya baadaye itakayoifufua. Ni heri kujua hilo ofisini. Jambo linalosahaulika: maji hayali frikwensi namna hii. Kwenye vina virefu vya bahari ya Tanzania, mita 2,500 za maji huongeza sekunde 3.3 za safari lakini karibu hazigusi frikwensi za juu. Hesabu muda wa ndani ya mashapo pekee.

Jenga kabari

Robo ya wimbi ni kanuni ya jumla. Kabari ndiyo inayokuonyesha tabaka lako litafanya nini hasa, na hapa tunashauri kutumia saa nyingi kuliko pengine popote.

Tengeneza modeli ya mchanga unaoanza na mita 0 upande mmoja na kunenepa hadi mita 60 upande wa pili, kwa hatua ya mita 1. Juu na chini weka tope. Chukua kasi na densiti kwenye rekodi za kisima, uzizidishe upate impidansi. Tofauti za impidansi ndizo zinazotoa miangwi. Kisha pitisha kiwimbi (umbo la mpigo mmoja wa sauti) kilichotolewa kwenye data yako halisi. Kiwimbi cha Ricker, umbo la kihesabu lililo tayari, kinafaa kwa jaribio la kwanza tu, kwa sababu data halisi mara chache ina umbo safi namna hiyo.

Sasa chora mistari miwili juu ya unene wa kweli: umbali kati ya kilele na bonde, na ukubwa wa mwangwi. Ukitoka upande mnene, mstari wa kwanza hufuata unene wa kweli kwa uaminifu, kisha mahali fulani unalala na kukataa kushuka. Hapo ndipo kikomo chako. Kwa kiwimbi cha Ricker hutokea kwenye muda wa karibu 1 ÷ (2.6 × frikwensi ya kilele cha spektra). Mstari wa pili hupanda papo hapo: paa na sakafu zikiwa na ishara zinazopingana, ukubwa hufika karibu asilimia 45 juu ya ule wa mwangwi mmoja, kisha hushuka kuelekea sifuri kadiri tabaka linavyokonda.

Asilimia 45 hizo zimechimbiwa visima vingi vikavu. Anayeona doa linalong'aa kwenye ramani anafikiria gesi, kumbe mchanga umepita tu kwenye unene wa kikomo. Kabla ya kusifu doa lolote, liweke juu ya kabari yako uone kama unene peke yake unatosha kulieleza.

Rudia kabari kwa mchanga wenye maji, kisha wenye mafuta au gesi, kwa sababu kimiminika hubadilisha kasi na tofauti ya impidansi. Ongeza pia kelele ya kiwango cha data yako. Kabari safi humdanganya mtu kwamba ataona mita 5; yenye kelele humrudisha kwenye ukweli.

Frikwensi za chini nazo zina kazi

Wengi hukimbilia frikwensi za juu tu. Ukiwa na Hz 45 hadi 90, oktavu moja, kiwimbi kinakuwa chembamba lakini kina mikia mirefu pande zote mbili, na kila mkia huonekana kama tabaka lisilokuwepo. Ukiwa na Hz 6 hadi 90, karibu oktavu nne, kilele kinabaki chembamba vilevile huku mikia ikitulia. Frikwensi za chini pia ndizo zinazobeba mwelekeo mpana wa impidansi, ambao bila huo ugeuzaji wa data kuwa impidansi hutegemea kubahatisha. Kichujio kinachoondoa kila kitu chini ya Hz 10 ili kusafisha mawimbi ya juu ya ardhi ni hasara. Mawimbi hayo yaondolewe kwa kasi yao ndogo, ambayo ni tofauti na ya miangwi.

Kazini nchi kavu

Ukitumia magari ya kutetemesha, kumbuka uwiano huu: kuongeza muda wa mtetemo mara mbili kunakupa desibeli 3 juu ya kelele ya mazingira, na kuongeza idadi ya magari yanayotetema pamoja mara mbili kunakupa desibeli 6. Ukihitaji desibeli 12 zaidi pale juu, ni muda mara 16 au magari mara 4. Badala ya kurefusha mtetemo wote, tumia mpando (kupandisha frikwensi kutoka chini hadi juu) usio sawa: gari likae muda mrefu zaidi kwenye Hz 60 hadi 90, ambako ardhi inakula sana. Anza na Hz 5 au 6 kwa mpando wa taratibu, maana mashine haina nguvu kamili pale chini.

Ukitumia baruti, fungu dogo hutoa frikwensi za juu kuliko kubwa. Kipindi kikuu cha mlipuko huongezeka takriban kwa kipeuo cha tatu cha uzito, hivyo kilo 8 hutoa kipindi mara mbili ya kile cha kilo 1. Tumia fungu dogo kabisa linaloshinda kelele. Muhimu zaidi, shimo lipite tabaka legevu la juu, ambapo kasi hushuka hadi mita mia chache kwa sekunde. Mlipuko ndani ya udongo mkavu uliolegea hupoteza frikwensi za juu kabla hazijaanza safari. Pima kina cha tabaka hilo kwa mashimo ya kupimia kasi kila kilomita chache, na karibu zaidi unapovuka mikondo ya mito mikavu.

Jiofoni, yaani kihisi cha mtetemo wa ardhi, ipandwe kwenye udongo imara. Kwenye mchanga mkavu wa Turkana, fukua sentimita 20 hadi 30, ikaze, kisha uifukie. Ikiyumba, frikwensi za juu ndizo za kwanza kuharibika. Upepo ukivuma, simamisha kazi, kwa kuwa kelele yake iko palepale kwenye frikwensi unazozitafuta.

Makundi ya jiofoni yana mtego wake. Kundi lenye urefu wa mita 50, likipokea mwangwi unaopita juu ya ardhi kwa kasi ya mita 3,000 kwa sekunde, hufuta kabisa Hz 60 (3,000 ÷ 50). Yaani umeshaua shabaha yako ya 90 kwa kamba tu. Fupisha kundi hadi mita 10 au chini ya hapo, au tumia jiofoni mojamoja na umalizie kusafisha kelele kwenye uchakataji.

Nafasi kati ya nukta za picha nayo ina kikomo: frikwensi salama ya kuhamisha mwangwi mahali pake = kasi ÷ (4 × nafasi × sine ya mwinamo). Mwinamo wa nyuzi 30, ambao si ajabu kando ya mipasuko ya Ufa, kasi ya 3,000 na nafasi ya mita 25: kikomo ni Hz 60. Kwa mita 12.5 unapata Hz 120. Chagua 12.5.

Rekodi kila milisekunde 2. Milisekunde 4 zina kikomo cha Hz 125 kwenye karatasi, lakini kichujio huanza kukata karibu na robo tatu ya hapo, na shabaha yetu ingekuwa inaning'inia ukingoni.

Baharini

Uso wa bahari hurudisha mwangwi uliogeuzwa ishara, na huo hukutana na mwangwi halisi kwenye kebo ya haidrofoni (vihisi vya sauti majini). Pale zinapofutana panabaki pengo kwenye spektra: 1,500 ÷ (2 × kina cha kebo). Kebo kwenye mita 6 ina pengo Hz 125. Kwenye mita 10, Hz 75. Kwenye mita 20, Hz 37.5. Kwa Hz 90 mtu angeiweka mita 6. Gharama iko upande wa pili: kwenye Hz 5, kebo ya mita 6 iko desibeli 18 chini ya kilele chake, na ya mita 20 ni desibeli 8 tu. Pia karibu na uso mawimbi ya bahari hupiga kelele nyingi. Njia zinazofaa ni kebo zenye haidrofoni pamoja na vihisi vya mwendo, ambazo hutenganisha mwangwi unaopanda na unaoshuka, au kebo inayoinama kutoka kina kidogo hadi kirefu ili mapengo yasikae mahali pamoja. Bunduki za hewa, ambazo ndizo chanzo cha sauti baharini, nazo zina pengo lao. Kwa mita 5 liko Hz 150, halitusumbui.

Uchakataji: mahali ishara inapopotea kimyakimya

Masahihisho ya ucheleweshaji wa tabaka la juu ndiyo yanayoamua. Unaporundika (kujumlisha pamoja) miangwi yenye makosa madogo ya muda, rundiko hufanya kazi kama kichujio. Kwenye Hz 90, makosa ya milisekunde 1 yanabakiza asilimia 85 ya ishara. Milisekunde 2, asilimia 53. Milisekunde 4, asilimia 8. Kwa hiyo rudia mzunguko wa kasi na masahihisho mara mbili au tatu, kila mara ukiangalia kama mabadiliko yanapungua. Rundiko linalopendeza macho kwenye Hz 30 haliwezi kukuthibitishia chochote kuhusu 90. Lichuje Hz 60 hadi 90 pekee, kisha ulitazame. Miangwi inayoendelea ikionekana humo, ishara ipo.

Kunyoosha miangwi ya mbali, yaani kuiondolea muda wa ziada wa safari, huivuta. Kwa sekunde 1.6, kasi 2,500 na umbali wa mita 2,500 kutoka chanzo, mwangwi hufika kwenye 1.89, mvuto ni asilimia 18 na Hz 90 inashuka hadi 76. Kwa mita 4,000 mvuto ni asilimia 41 na inashuka hadi 64. Kukata sehemu iliyovutwa zaidi ya asilimia 30 ni desturi. Kwa tabaka jembamba kata kwa 15 au 20, na weka rundiko la karibu pembeni kama nakala ya kufasiri. Usizitupe za mbali, zinahitajika kwa kazi ya mabadiliko ya ukubwa kwa umbali.

Dikonvolusheni hubana kiwimbi. Jaribu urefu wa kichujio kadhaa na weupe (kelele kidogo inayoongezwa ili hesabu isiyumbe) wa asilimia 0.1 hadi 1, na hukumu kwa kisima. Inadhani kwamba kiwimbi kina ucheleweshaji mdogo kabisa, yaani nguvu yake imejikusanya mwanzoni, na kwamba miangwi ya ardhi imetawanyika bila mpangilio. Pale data ilipotoka kwenye magari ya kutetemesha dhana ya kwanza huvunjika, hivyo badili fazi kwanza. Fidia ya Q ifuate, ikiwa na ukomo. Ile desibeli 33 ya tofauti ukiiongeza yote pale ambapo kelele imeshinda, utapata picha kali iliyojaa nyuzi nyembamba zilizotengenezwa na kelele. Weka dari ya nyongeza, tuseme desibeli 20, na fuata ulipo mpaka wa ishara kwenye kila kina. Mwisho geuza data iwe fazi sifuri. Kwa frikwensi zilezile, kiwimbi cha fazi sifuri ndicho chembamba kuliko vyote, na kilele chake hukaa mahali mwamba ulipo.

Ukiwa chini ya kikomo

Tuseme umefanya yote na bado umebaki na Hz 70. Mchanga wa mita 12 hautengani. Haujapotea. Widess mwaka 1973 alionyesha kwamba chini ya kikomo umbo la mwangwi karibu halibadiliki tena, huku ukubwa ukifuata unene, na akauweka mpaka wa nadharia kwenye moja ya nane ya wimbi. Chini ya robo, basi, soma ukubwa: visima viwili au vitatu vyenye unene unaojulikana vinakupa mstari wa ulinganishi, na ramani ya ukubwa inakuwa ramani ya unene. Hufanya kazi pale tu ambapo ugumu na kimiminika havibadiliki sana. Upenyo (nafasi tupu kati ya chembe za mchanga) ukiongezeka upande mmoja wa uwanja, ramani itauita unene.

Njia ya pili ni spektra ya tabaka. Paa na sakafu zenye ishara zinazopingana hutoa kilele cha spektra kwenye 1 ÷ (2 × muda) na pengo kwenye 1 ÷ muda. Mchanga wa mita 25 kwenye kasi 3,000 una milisekunde 16.7, kwa hiyo pengo liko Hz 60, ndani ya data yetu. Chora ramani za Hz 20, 30, 40 na kuendelea, na mikondo ya mito ya kale hujitokeza kila moja kwenye frikwensi ya unene wake.

Yote haya yathibitishwe kisimani. Tengeneza mwangwi wa bandia kutoka rekodi za sauti na densiti, zilizosahihishwa kwa vipimo vya muda vya kisimani, kisha ulinganishe na data kwenye kisima hicho kwa dirisha la shabaha. Acha kisima kimoja nje ya hesabu yote tangu mwanzo. Kikikubaliana na unene uliotabiri, ndani ya mita chache ulizozitangaza kabla ya kukifungua, endelea na ramani. Kikikataa, rudi kwenye kiwimbi kwanza, halafu kwenye masahihisho ya tabaka la juu.